Maji Baridi ya Bondeni

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Masasi! Nasema tena, Bwana asifiwe, maana mara ya kwanza nimesema chini chini na mlioko nyuma sidhani kama mmenisikia. Nina haya. Nimeteremka kutoka Newala asubuhi hii, na njia nzima nimekuwa nikitafuta sababu ya kugeuza gari.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Anjela, mwenye ile zahanati ya Newala. Mwaka jana nilisimama hapa hapa, kwenye semina ya vijana, nikawafundisha tabia za kila siku za mtu anayefanikiwa. Mlinipigia makofi. Baba mmoja alisimama akasema anaomba binti zake wawe kama mimi. Baba yule, kama upo, nakusihi, omba kitu kingine.

Nilikwenda chuo kikuu nikiwa mwimbaji wa kwaya, nikarudi na shahada ya maabara na maswali. Nilihoji kila kitu. Niliuliza kwa nini tunaomba mvua na huku utabiri wa hali ya hewa upo. Niliuliza kama Mungu anaponya, kwa nini foleni ya kliniki haipungui. Mjomba wangu, ambaye kwetu Wamakonde ndiye mwenye neno la mwisho, alichoka nami. Akasema, "Mtoto huyu ukimpa ugali atauliza muhogo ulipandwa na nani." Watu wakacheka. Nami nilicheka, nikaona nimesifiwa.

Neema ndiyo iliyonikera kuliko yote. Kupewa bure! Niliiona ni habari ya watu wasiotaka kufanya kazi. Mimi nilikuwa na nidhamu. Niliamka kabla adhana haijalia kwa jirani. Nilinyoosha viungo, nikaandika malengo ya siku, nikarekodi ujumbe wa sauti kwa kundi letu la WhatsApp la vijana wajasiriamali, nikaoga maji baridi, kisha nikafungua zahanati saa mbili kamili. Tangu alfajiri mpaka saa mbili sikusema na mtu yeyote. Niliita ule muda wangu wa dhahabu. Mlangoni nilibandika karatasi: Huduma kuanzia saa mbili. Tafadhali usigonge.

Ndugu zangu, hayo maji baridi ndiyo yaliyonileta hapa.

Nilisoma mahali kwamba kuoga maji baridi alfajiri kunakaza akili. Sasa ninyi mnaijua milima yetu ya Newala wakati wa kiangazi. Bomba linakohoa tu. Maji ya kuoga ni ya tanki la mvua, na bati likishinda juani, yanakuwa vuguvugu mpaka kesho yake, tena yananuka kutu. Siku moja nikalalamika mezani, huku natafuna. "Mama, haya si maji ya kumwamsha mtu akili." Mama alikuwa amehamia kwangu kutoka Mkunya baada ya baba kufariki. Akaendelea kunipakulia kisamvu.

Tangu wiki ile nikawa nakuta bafuni ndoo ya maji baridi, safi, imefunikwa sahani. Nikaoga. Nikawaambia vijana kwenye simu kwamba mwili wangu umezoea baridi kwa sababu ya nidhamu. Mimi, niliyehoji mvua, niliyehoji miujiza, niliyewahoji wachungaji mpaka wakaaga mapema, sikuuliza hata siku moja ndoo ile imetoka wapi!

Asubuhi moja nilikuwa nimejifungia ofisini kwangu pale zahanati, ambayo iko ua mmoja na nyumba yangu. Nilikuwa nimevaa vile vidude vya kusikilizia masikioni, nimeweka muziki laini, narekodi somo la siku. Somo lilikuwa kuisikiliza sauti ya ndani. Sitanii, ndugu zangu. Ndilo lilikuwa somo. Nikamaliza, nikatuma kwenye kundi, nikafumba macho niendelee na utulivu wangu.

Simu ikatetemeka. Kijana mmoja wa hapa Masasi, fundi wa simu, aliandika, "Daktari, mlangoni kwako kuna mtu anagonga. Mfungulie kwanza." Mimi si daktari, ila nilikuwa nimewaacha waniite hivyo. Kabla sijamjibu, mwingine akaandika, "Na kuna mtu analia. Sikiliza tangu mwanzo." Nikakasirika. Nikasikiliza rekodi yangu ili niwaonyeshe wamekosea. Nikajisikia nikisema, kwa ile sauti yangu ya semina, "Mafanikio yanaanza pale unapojifunza kusikia." Na nyuma ya maneno hayo, ngo! ngo! ngo! Na sauti ya mwanamke: "Anjela! We Anjela! Fungua!"

Watu wote wa kundi walisikia mlango wangu ukigongwa. Mimi mwenye mlango sikusikia.

Nikavitoa masikioni. Kumbe walikuwa bado wanagonga. Nikafungua. Wanawake wanne walikuwa wamembeba mama yangu kwenye kitenge, wamekishika pembe, miguu yao imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Mguu wake ulikuwa umevunjika chini ya goti na mfupa umetoka nje. Khanga waliyomfunga ilikuwa imelowa damu chepechepe.

Aliyeshika pembe ya mbele ni Bi Somoe, jirani yetu, Myao, mtani wetu. Hakunipa pole. Aliitazama karatasi yangu ya mlangoni, akanitazama mimi. "Wamakonde bwana! Mlango mnajua kuuchonga, kuufungua hamjui."

Mnaujua utani wetu, hauchagui saa wala mahali. Lakini ule haukunichekesha. Nikamlaza mama kitandani, nikaanza kubana jeraha kwa bandeji. Halafu nikauliza, na naona aibu kuwaambia kwamba niliuliza kwa ukali. "Alikuwa anatafuta nini huko alfajiri yote hii?"

"Ala! Unamuuliza nani?" Bi Somoe akasema. "Maji yako! Kila siku anateremka nasi bondeni kwenye chemchemi. Tunamwambia, Mama Anjela, si kuna vijana wanaleta madumu kwa pikipiki? Anasema hapana, yale yanafika yameshapata joto, mwanangu anataka ya baridi. Leo kwenye kupanda, ameteleza kwenye jiwe."

Mama akanyoosha mkono amfinye Bi Somoe anyamaze. Hakumfikia. Akanigeukia mimi, midomo imekauka, akasema, "Mwanangu, ndoo imepasuka. Leo vumilia ya tanki. Usikasirike."

Ndugu zangu! Mfupa uko nje, na mama yangu ananiomba radhi kwa sababu ya maji ya kuoga!

Mwalimu mmoja jirani akatoa gari lake, tukaanza kuteremka kuja hospitali kubwa ya huku chini. Nilikaa nyuma, kichwa cha mama mapajani pangu. Damu ilipungua lakini haikuacha. Kila kona gari likiyumba, alikuwa anazidi kuwa mwepesi, na mikono yake ikawa ya baridi. Nilikuwa ninajua yote yanayotokea ndani ya mwili unaopoteza damu, hatua kwa hatua, na kujua kwangu hakukumsaidia kitu. Nilitafuta kati ya tabia zangu zote njema moja ya kumshikilia mtu asife. Sikuiona.

Bi Somoe alikuwa kiti cha mbele, anamwomba Mungu wake kwa sauti ya chini. Mimi sikuwa nimeomba tangu chuo. Niliona haya hata kuanza. Nikasema kimoyomoyo, "Kama upo, mimi usinisikilize, sistahili. Msikilize huyu mama yangu. Alikuwa ananiombea na mimi namcheka." Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu yote. Haikuwa na amina.

Najua baadhi yenu mnangoja niseme damu ilikauka palepale. Haikukauka. Tulifika, akaingizwa chumba cha upasuaji, daktari akatoka akasema inahitajika damu na kundi lake ni la shida. Nikavua sweta, nikanyoosha mkono. Wakapima. Yangu haikufaa. Nikakaa kwenye benchi, nimekunja mkono wangu usiofaa, na nikajua kwamba mama anakufa kwa ajili ya ndoo ya maji.

Kisha likaja lori la korosho. Wakateremka wale wanawake watatu tuliowaacha Newala, kwa miguu ile ile yenye vumbi. Hakuna aliyewaita. Wakapimwa, pamoja na Bi Somoe. Damu ya Bi Somoe ikafaa, na ya mwenzake mmoja. Watu niliowaacha nje wakigonga ndio waliolala kitandani wakafumba na kufumbua mikono ili mama yangu aishi. Bi Somoe akatoka kashika pamba mkononi, akasema, "Haya, Mama Anjela sasa nusu Myao. Akianza kuwashinda kwa biashara kama sisi, msilalamike." Wote wakacheka. Mimi nililia mpaka nesi akaja kuuliza kama ni mgonjwa mwingine.

Hapo kwenye benchi ndipo nilipofunguliwa, ndugu zangu. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Nilikumbuka tu ile ndoo iliyofunikwa sahani. Miezi mingi mtu alishuka bondeni kwa ajili yangu nikiwa sijui, akapanda na mzigo kichwani, akauweka mahali nitakapoukuta, akakaa kimya. Nami nikaoga, nikajisifu. Nikajiambia, Anjela, neema uliyokuwa ukiibeza, kumbe ulikuwa unaiogea kila asubuhi! Na kama mama mmoja wa Mkunya anaweza kunipenda hivyo bila kuulizwa, kwa nini niliona haiwezekani kwamba yupo Mmoja aliyebeba zaidi ya hayo, akaangukia njiani, akanyamaza?

Maswali bado ninayo. Mchungaji anajua, jana tu nimempigia simu na mengine. Sijui kwa nini mama yangu amepona na wa kitanda cha pili hakupona. Sitawadanganya kwamba najua. Lakini zamani nilihoji ili nisimshukuru mtu. Siku hizi nauliza ili nijue nimshukuru nani, na kila nikiuliza, majina yanaongezeka.

Mama anatembea kwa gongo. Hatateremka bondeni tena. Anapenda kusema anamshukuru Mungu kwa mguu uliobaki mzima, na mimi kila akisema hivyo natazama chini. Nimemwomba msamaha nyumbani. Aliniambia, "Kwani kosa liko wapi? Mtoto si alitaka maji?" Afadhali angenitukana. Msamaha wa namna hiyo hauna mahali pa kuushika ukaubishia.

Basi, wapendwa, nawashukuru kwa kunisikiliza kwa mara nyingine, japo safari hii sina cha kuwafundisha. Namshukuru Bi Somoe, ambaye hayupo hapa, na ambaye angekuwepo asingekubali nimsifu bila kunitania. Namshukuru Yesu aliyeniacha hai mpaka nikaona haya, maana wapo wanaokufa kabla ya kufikia hapo.

Na wewe kijana uliyeandika kwenye semina ya mwaka jana yale niliyofundisha, wewe unayeamka mapema na kuamini kwamba umejijenga mwenyewe, nakuomba umtumaini Yeye ambaye amekubeba ukiwa hujui. Usisubiri mpaka mtu aanguke. Mchungaji ameniruhusu niwaite wanaotaka kuja mbele kuombewa. Sitawaita nikiwa nimesimama. Mimi ndiye wa kwanza mwenye haja, kwa hiyo natangulia kupiga magoti. Atakayekuja, atanikuta hapa chini.