Historia ya Kaka Yetu Rula, na Mwaka Aliourudia

Ndugu waombolezaji, familia imenipa heshima ya kuwasomea historia ya kaka yangu, mwalimu wa uhandisi tuliyezoea kumwita Rula, kwa sababu alipima kila kitu, hata mlango kabla ya kununua kabati, na kabati likakwama vilevile.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu, akamaliza sekondari mwaka 1986, akafanya kazi ya kuchomelea vyuma kwa miaka miwili, na ndiyo maana mimi niliyemfuata nilimfikia, tukaingia chuo cha uhandisi pamoja Septemba 1988, yeye mitambo, mimi umeme.

Karatasi niliyopewa inasema alirudia mwaka wa mwisho kwa sababu ya kuugua. Si kweli, na aliyemwambia mama hivyo ni mimi. Mwaka 1992 wanafunzi wa ujenzi, mitambo na umeme tuliwekwa kundi moja tutengeneze pampu ya maji ya zahanati, na mwishoni kila mmoja akaandika kwa siri wenzake wamefanya kiasi gani. Kaka alifanya nusu nzima ya kazi ile, mimi nikaandika asilimia tano, na wenzetu wawili waliponiuliza wamwandikie ngapi, kwa kuwa ni ndugu yangu, nikawaambia waandike hivyohivyo. Nilikuwa nimechoka kuitwa mdogo wake Rula. Yeye akafelishwa, mimi nikapata kazi, na sikuwahi kumwambia. Naona haya kusimama hapa.

Alifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1996 na shemeji yangu, muuguzi, wakajaliwa mabinti watatu. Kuanzia 2001 alifundisha miradi hiyohiyo ya pamoja, akaifuta fomu ya siri, wanafunzi wakawa wanaambizana ana kwa ana nani kafanya nini, mashine ikiwa mbele yao.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2022, akafariki Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi. Siku mbili kabla aliagiza historia yake niisome mimi, si mtu mwingine, akaongeza kwamba safari hii nisimpunguzie. Nilimrekebishia mto.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuletea viti, na walimu wenzake waliokesha nasi. Mama, miaka yote hii umemlaumu kwa kutojitunza, sasa nilaumu mimi. Kaka, pumzika kwa amani, pampu ile ilikuwa yako.