Shangazi na Mawe ya Kukwangulia Ngozi

Tarehe thelathini mwezi huu, mwenzetu wa kitengo cha zana za kale anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika jumba letu la makumbusho. Kwenye mlango wake pameandikwa Mhifadhi Mkuu. Sisi tunamwita Shangazi, na ukithubutu kuweka kikombe cha chai karibu na sinia za mawe utajua kwa nini.

Alipoajiriwa alikabidhiwa chumba cha nyuma, rafu zimejaa vijiwe bapa vilivyochongwa upande mmoja, vyote vikiitwa visu. Hakuridhika. Kisu gani kina makali ya mviringo? Akaomba ruhusa, akasafiri hadi kwa mama mmoja fundi wa ngozi ambaye hadi leo anakwangua ngozi za ng'ombe kwa jiwe. Alikaa naye msimu mzima. Ngozi ya kwanza aliitoboa, na ya pili pia. Mama yule akamkabidhi ya tatu huku akicheka: "Endelea tu, mwanangu. Hizo mbili tutazifanya chujio."

Alirudi na mawe yaliyochakaa kwa kazi hiyo, akayatazama kwa hadubini pamoja na yale ya kale. Kingo zilikuwa zimelainika namna moja na kung'aa namna moja. Tulishangilia.

Shangwe hiyo nusura imponze. Mkurugenzi wa wakati huo aliagiza picha kubwa ya mama yule itundikwe juu ya kabati la mawe, na chini yake maneno "Watu wa Kale". Shangazi alikataa kuidhinisha, hata alipotishiwa uhamisho.

"Nihamisheni," alisema. "Kazi yake inatusaidia kuuliza vizuri. Haiwezi kutujibu kwa niaba ya marehemu."

Kisha akamwalika mama yule mwenyewe. Mama alisimama mbele ya picha, akasoma maandishi taratibu, akamgeukia mkurugenzi: "Baba, kwani mimi nimekufa lini?"

Picha ilishushwa siku ileile. Leo imetundikwa ukumbi mwingine, ikiwa na jina lake na mwaka iliopigwa. Kwenye kabati la mawe pakaandikwa: "Huenda yalitumika kukwangulia ngozi."

Mwezi uliopita maabara ilileta majibu mapya: karibu nusu ya mawe yale yana masalia ya mti, si ya ngozi. Hakuna aliyetaka kumwambia, tena wakati tunamwandalia sherehe. Nikatumwa mimi. Alisoma mara mbili, akavua miwani, akainama. Nilidhani analia.

"Hivi," akauliza, "kuna mahali bado wanachonga mti kwa jiwe?"

Tumempatia mahali. Anaondoka Jumatatu, na binti yake amekwishakata tamaa ya kumzuia.

Shangazi, asante kwa kutufunza kutomsemea asiyeweza kujibu. Tunakuombea afya, miguu yenye nguvu na wenyeji wakarimu. Ukitoboa chochote, tuandikie.