Roseline Mideva na Vifaranga wa Juba

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 2026, Bi. Roseline Mideva anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye chumba chetu cha kupakia vifaranga hapa Baba Dogo. Alianza kwa kufagia. Miaka minne baadaye alikuwa karani wa upakiaji, na tangu hapo hakuna boksi lililopanda ndege bila sahihi yake.

Muulize Kisumu ni mbali kiasi gani kwa ndege, naye atakuuliza boksi umelifunga saa ngapi. Kwake safari huanza mfuniko unapofungwa na kuisha unapofunguliwa. Foleni ya mizani, jua la uwanjani, forodha, vyote huhesabiwa. Majirani zake wa Kaloleni humwomba ushauri wanaposindikiza jamaa, na wengi wamefika mapema mno na kukaa uwanja wa ndege muda wa saa tano bure kwa kumsikiliza.

Machi 2023 hakukuwa na mzaha. Mimi, Phares Opicho, nilikuwa karani wa mkataba, wiki ya pili kazini. Bi. Roseline alikwenda kliniki asubuhi, akaniachia fomu aliyokwisha kuitia sahihi. Vifaranga elfu moja na mia mbili walikuwa wanakwenda Juba. Tiketi ya mzigo ilisema ndege inaondoka saa kumi na kufika saa kumi na dakika arobaini. Nikaamini ni safari ya dakika arobaini. Sikujua kwamba saa ya Juba iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na kwamba kilomita zile mia tisa hivi huchukua saa moja na dakika arobaini angani.

Safari fupi tunapakia mia kwa boksi, matundu ya pembeni yakiwa yamezibwa. Ndefu ni themanini, matundu yote wazi. Nilipakia mia mia.

Aliporudi saa saba, gari lilikuwa limeondoka. Aliisoma fomu, akanitazama, akampigia dereva, Job Andati: "Job, ukifika paki kivulini, fungua milango yote. Story baadaye!" Alibeba maboksi matatu matupu, tukapanda boda mbili. Mizigo ilikuwa inafungwa saa nane na nusu.

Uwanjani tuliwakuta vifaranga wanahema midomo wazi. Tukahamisha ishirini kutoka kila boksi, nikakosea hesabu mara mbili. Yeye alihesabu kwa sauti, akitoboa matundu kwa kalamu. Mzigo ulipokelewa zikiwa zimebaki dakika nne. Tisa walikuwa wamekufa.

Meneja alipouliza nani alipakia, Bi. Roseline alisema ni yeye. Alijua mkataba wangu ungekatwa siku hiyo hiyo, na kule Huruma mke wangu Marion alikuwa ametoka kujifungua. Nilinyamaza. Akapewa barua ya onyo, na kwa barua hiyo akanyimwa usimamizi aliokuwa akiungoja. Hajawahi kunikumbusha. Alichofanya ni kuniuliza kila asubuhi, mwezi mzima, saa za Juba, Lusaka na Entebbe, hadi nikazijua kama jina langu.

Bwana Sylvance, meneja wetu, barua ile si yake. Kabla ya Ijumaa itoe kwenye faili lake, uitie kwenye langu.

Mama Roseline, asante kwa kazi yako na kwa kazi yangu. Nisamehe kwa kunyamaza miaka mitatu. Maisha yako ya nyumbani yawe mema, na uende ukiwa na jina safi.