Bukari ya babokilo

Hapana, bisi haikuchelewa, matatizo ilikuwa dirisha. Neige, ile theluji, inaanguka mu Ixelles huku Bulaya, mwezi wa tatu, na papa moja wa masque ku kinywa na bonnet ku kichwa anafungua dirisha! Mutoto yangu Mbombo alibeba bukari, ugali yetu, ya moto mu nyungu. Akamulalamikia: "Papa, funga, inapola! Naipelekea babokilo wa binti yangu, wazazi wa bwana yake. Arusi tulifanyia mu telefone juu ya corona, leo ndio mara ya kwanza tunaonana." Papa akajibu: "Maman, serikali ilisema tutoshe masque, lakini corona haiyarudia kwao, acha hewa iingie." "Basi wewe rudia kwako!" Mi masikio ilishakufa na baridi. Bisi ikasimama, tukashuka wote na ule papa, tukafika naye ku mulango moja. Kumbe ni ye bokilo! Alors, tukakaa ku meza, akatosha masque, akaonja. "Maman," anasema, "bukari imepola."