Bwana Rula na Majalada Yaliyojisema Yenyewe

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Kama kuna kitu kinachemka jikoni, punguzeni moto. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hamkuwahi kusikia sauti yake, lakini wengi wenu mlishika kazi ya mikono yake. Ni msanifu wa majarida ya muziki, yule tuliyemwita Bwana Rula. Alifariki Ijumaa iliyopita. Alisanifu majalada kwa miaka thelathini na moja. Narudia: thelathini na moja.

Ofisi yetu ilitoa majarida matatu kila mwezi. Moja la dansi, moja la kwaya, moja la rap. Nasema yetu kwa sababu nami nilikuwa mwandishi pale, chumba cha pili kutoka kwake. Rula ya chuma haikutoka mfukoni mwa shati lake. Mkewe anasema hata siku ya harusi ilikuwamo, na picha ipo.

Bwana Rula alitaka msomaji aujue muziki kabla hajasoma neno. Kwaya aliipa nafasi nyeupe tele, herufi nyembamba, mistari imetulia. Rap aliipa uso mmoja unaokukazia macho, picha nyeusi na nyeupe, herufi zimebanana hadi ukingoni. Dansi aliipa herufi nene zilizoinama kidogo, na shingo ya gitaa aliiacha itoke nje ya fremu, ipande juu ya jina la jarida. Wahariri wakilalamika, anajibu, "Jamani, mwacheni mtu acheze!"

Binti yake ametuambia: "Baba alikuwa hashiki penseli mpaka wimbo uishe. Ukimsemesha katikati, anaurudisha mwanzo. Tumekula chakula baridi sana kwa ajili ya kwaya za watu!"

Sasa sikilizeni vizuri. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha magazeti cha dada mmoja mchangamfu. Asubuhi moja, mwezi aliojaribu kuipa kwaya herufi nene, Bwana Rula akakuta jarida la kwaya limepangwa na la rap.

"Dada, mbona kwaya umeipeleka kule?"

"Hii kwaya? Kaka, acha utani. Herufi zinapiga kelele namna hii!"

Neno kwaya lilikuwa pale pale juu ya jalada, kubwa kama kiganja. Bwana Rula akalitazama, akamtazama yule dada, akaelewa. Dada hakujua kusoma. Bwana Rula akarudi mezani kwake.

Tangu mwezi huo, kila jalada alilivusha barabara kabla halijachapwa. "Dada, hili ungeliweka wapi?" Dada akikosea, Bwana Rula anasema, "Basi nimekosea mimi," anakwenda kuanza upya. Walifanya hivyo miaka kumi na mmoja.

Kisha akaja mkurugenzi mpya. Akataka majarida yote matatu yawe na sura moja: fremu moja, herufi moja. "Jina si lipo juu?" alisema. "Watu wanajua kusoma." Sote tukaafiki. Bwana Rula akakataa katakata. Akaulizwa sababu.

"Kuna msomaji wangu atakayeumia."

"Nani huyo?"

Akachomoa rula yake, akaendelea kupima jalada. Tukamwita mbishi. Wafanyakazi saba wakaandika barua, kwamba mzee anakwamisha kazi, aondolewe kwenye majalada. Akaondolewa. Akapewa kupanga matangazo madogo ya kurasa za nyuma, kwa miezi minane.

Na miezi hiyo minane, wasikilizaji wapendwa, kila mara majarida yalipotoka, alifika kibandani asubuhi na mapema. Alijifanya anatafuta nakala isiyo na mikunjo. Anapekua zote, na akimaliza, dansi iko upande wake, kwaya upande wake, rap upande wake. Dada alijua anachofanyiwa. Naye alimwacha apekue.

Waliomrudisha ni wasomaji. Wazee wa kwaya walibeba rap nyumbani kutoka vibanda vingine mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu wakaja ofisini wamefura. Mkurugenzi akanywea. Bwana Rula akarudishiwa majalada yake, na kumwita mbishi hatukuacha.

Juzi, msibani, dada wa magazeti aliketi karibu na mjane. Akasema mbele yetu sote: "Mimi sijui kusoma. Yeye alijua, akanisitiri. Miaka yote nimeona aibu. Lakini kumsikia akiitwa mbishi hadi leo, hiyo ni aibu kubwa zaidi."

Mkewe akamshika mkono. "Kumbe ni wewe! Nilimuuliza kwa nini anakubali kunyang'anywa kazi yake. Akaniambia, 'Mke wangu, siri hii si yangu.'"

Dada ndiye aliyetuomba tuliseme hili hewani. Tunamshukuru kwa ujasiri wake.

Kwa mjane, kwa binti na kwa jamaa wote: poleni sana, na asanteni kwa kutuazima mtu huyu. Nasi tuliobaki tujiulize: yule tunayemwita mbishi, je, tumewahi kufikiri anamlinda nani?

Barua ile ilikuwa na sahihi saba. Ya tatu ni yangu. Bwana Rula aliisoma, kisha akaendelea kunisalimia kila asubuhi, na kuniuliza habari za watoto. Sikumwomba radhi hata siku moja. Namwomba leo, mbele yenu nyote. Nisamehe, kaka. Na asante.