Mama Ndoo, Mpimaji wa Ofisi za Wahasibu

Wapendwa mliofika kutufariji, wakubwa wetu shikamooni, mimi ni Dorcas, na ukoo umenituma niwasomee maisha ya mama yetu.

Sabina Kashindye alizaliwa Igogo tarehe 4 Machi 1978, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Shimba, fundi viatu, akasoma shule ya msingi na sekondari hapa Mwanza, kisha akahitimu uhasibu Nyegezi mwaka 2003. Tarehe 12 Juni 2004 alifunga ndoa na baba yetu Venant, huko Kigongo, wakajaliwa kaka Chenge na mimi, na baba akatutangulia mwaka 2019.

Kuanzia 2016 kazi yake ilikuwa kupima uendelevu wa ofisi za wahasibu, yaani kama zinafanya kazi bila kuchafua ziwa, bila kupoteza karatasi na umeme, na bila kuwachosha watu wake. Wengi walidhani uendelevu ni kudumu miaka mingi, wakamwonyesha cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani, naye alikisifia kwa adabu, kisha akaomba kuona ndoo ya taka, ndipo wakaanza kunong'onezana, "Ficheni karatasi, Mama Ndoo anapanda ngazi!"

Agosti 2023 alianza kuugua figo, nami nikaacha shule kidato cha tatu ili nimuuguze. Juni mwaka huu aliniagiza fomu yake ya kazi, akasema, "Leo tuipime nyumba hii, mwanangu," akatupa alama nzuri kwenye maji, mkaa na taka, lakini palipoulizwa kama watu wa hapa wanasonga mbele, akaandika sifuri. Nilibisha sana, nikasema kumuuguza mzazi si kurudi nyuma, akanishika mkono, akanijibu kwamba mpimaji hapendelei kwao.

Alifariki tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Igogo mliotuchotea maji siku zote hizi, na wahasibu wenzake, hata ninyi mliopata alama za chini, mmekuja na mmeosha masufuria.

Mama, kaka ameshaniandikisha, Januari ninarudi kidato cha tatu. Sasa weka kalamu chini, upumzike kwa amani.