Fundi Ameruhusiwa

Masikio yangu ni makali kuliko ya wajukuu wangu wote. Nasikia hata sisimizi akipiga chafya. Ndiyo maana ndani ya basi nilihama kiti mara mbili, nikakaa nyuma kabisa ya abiria wawili, ndipo nikaanza kusikia.

Walikuwa fundi mwashi na dada yake, wamepandia kituo cha hospitali. Moyo wa fundi ni mgonjwa. Zile ngazi za basi tu zilikuwa zimemlowesha jasho.

"Nimeruhusiwa," alisema fundi. "Kesho narudi kumalizia ukuta wa watu."

"Umeruhusiwa kwenda kulala nyumbani, mdogo wangu. Nani kakuruhusu kubeba matofali?"

"Kuruhusiwa ni kuruhusiwa, dada. Daktari hakutaja matofali."

"Atayatajaje, kwani anajenga? Jisikilize, unahema kama pampu ya baiskeli! Unataka nikuzike?"

Hapo nilikohoa kumuunga mkono dada, ila hakuna aliyeniomba.

"Na dawa wamekupa zipi?" dada akauliza.

"Watanipa siku nyingine. Muuguzi mwenyewe alinisindikiza mpaka getini, tukaagana vizuri tu."

Dereva akafunga breki kituoni. Fundi akarusha mkono kushika chuma, mkono wa shati ukapanda mpaka kwenye kiwiko. Sindano ya dripu ilikuwa bado imo mshipani, imebanwa kwa plasta.

Basi likasimama, maswali ya dada hayakusimama.

"Muuguzi alikusindikiza," alisema, "akaisahau hii?"

"Wameniazima," fundi akajibu.